Kompyuta ya kuzamia kwa mkazi wa Arusha na Moshi: ya mkononi au ya konsoli?

Wengi wetu huku juu tunajifunza kuzamia Unguja, Pemba, Mafia au Tanga, tukimaliza tunarudi nyumbani. Huko kurudi ndiko kunakopaswa kuamua ununue kompyuta ya aina gani, kuliko bei, rangi au jina la kampuni. Miongozo mingi inaandikwa kwa mtu ambaye akitoka majini analala usawa wa bahari. Mkazi wa Arusha analala mita 1,400 juu yake, na wa Moshi mita 800 na ushei. Kwa mwili uliotoka kuzamia, tofauti hiyo ni kubwa.

Niseme msimamo wangu mapema. Kwa mzamiaji wa kawaida wa Arusha au Moshi, anayeshuka pwani mara chache kwa mwaka na kukodi vifaa akifika, kompyuta ya mkononi ndiyo ya kununua. Wapo ambao konsoli inawafaa zaidi, nao nitawaeleza bila kuwapuuza. Twende hatua kwa hatua.

Hatua ya 1: Zijue zote mbili

Konsoli ni kasha linalofungwa kwenye ncha ya mpira wa presha kubwa unaotoka kwenye regulata, kile kipande kinachokazwa juu ya mtungi. Ndani ya kasha hilo kuna geji ya hewa, kompyuta, na mara nyingine dira. Zipo pia zinazosoma presha ya mtungi moja kwa moja kupitia mpira huo na kuionyesha kwenye skrini ileile ya kina na muda. Suunto Cobra ni mfano wa zamani unaojulikana. Ukiishika umeona kila kitu.

Ya mkononi huvaliwa kama saa. Nyingine zina ukubwa wa saa kweli, nyingine zina uso mpana. Inaonyesha kina, muda uliokaa chini, dakika zilizobaki kabla ya kulazimika kusimama njiani ukipanda, na kasi yako ya kupanda. Hewa ya mtungi utaisoma kwenye geji, isipokuwa umenunua na transmita, kifaa kinachoituma presha hiyo kwenye kompyuta bila waya.

Ubongo wa hizi mbili ni mmoja. Cressi Leonardo na Suunto Zoop Novo zimeuzwa kwa umbo la mkononi na la konsoli, na hesabu ndani haibadiliki. Kwa hiyo asikwambie mtu kwamba konsoli ni ya kitaalamu zaidi au ya mkononi ni ya kisasa zaidi. Unachochagua ni mahali pa kuiweka na nani atabaki nayo mbizi zikiisha.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya safari ya kurudi

Hapa naomba usome polepole, maana ndipo penye hatari ambayo watu wa huku hawaambiwi.

Ukivuta hewa yenye presha chini ya maji, naitrojeni inayeyuka mwilini. Ukipanda taratibu inatoka kupitia mapafu, lakini haiishi siku hiyo. Inaendelea kutoka kwa saa nyingi ukiwa umekaa unakula pweza. Presha ya hewa inayokuzunguka ikipungua kabla haijatoka ya kutosha, inaweza kutengeneza mapovu kwenye viungo, kwenye mishipa ya fahamu au kwenye damu. Ndiyo sababu wazamiaji wote hufundishwa kutopanda ndege mapema.

Wasichofundishwa wengi ni kwamba barabara nayo inapanda. Usawa wa bahari presha ya hewa ni kama milibari 1,013; Arusha ni kama 855. Ndani ya ndege kubwa presha hairuhusiwi kushuka chini ya ile ya mita 2,438, yaani kama milibari 750. Ukilinganisha, basi la Tanga kwenda Arusha linakupunguzia presha kwa karibu asilimia 60 ya kile ambacho ndege ingekupunguzia. Pakiti ya krispi uliyonunua Tanga huwa imevimba ukifika Tengeru, na hewa iliyoivimbisha ni hiyohiyo.

Mwongozo wa Divers Alert Network, shirika la usalama wa wazamiaji, uliotokana na mkutano wa wataalamu wa mwaka 2002 unasema hivi: baada ya mbizi moja isiyohitaji vituo vya lazima (kule kusimama njiani ukipanda), subiri angalau saa 12 kabla ya kuruka, baada ya mbizi kadhaa kwa siku, au mbizi za siku nyingi mfululizo, subiri angalau saa 18, na ukifanya mbizi za vituo vya lazima, subiri muda mrefu zaidi ya hapo. Mwongozo huo unahusu mwinuko kuanzia kama mita 600 hadi 2,400. Moshi imo. Arusha imo. Hata Same, kwenye mita 860 hivi, imo.

Chukua mfano. Umetoka majini Tanga saa 8 mchana baada ya mbizi ya pili. Ukipanda basi la saa 12 asubuhi kesho yake, zimepita saa 16, na bado una Segera, Korogwe na Mombo mbele yako ambako barabara haijapanda sana. Utakapofika Same saa 18 zimeshapita. Hiyo ni sawa. Lakini ukipata lifti ya gari dogo saa 1 usiku siku ileile, utapita Same kabla ya usiku wa manane ukiwa na saa kumi tu au pungufu. Hiyo si sawa, hata kama mwenye gari ni shemeji yako na lifti ni ya bure.

Ndege ndogo zinataka tahadhari kubwa zaidi. Cessna Caravan, aina inayotumika sana kati ya visiwani na Arusha, haina mfumo wa kuongeza presha ndani. Ikiruka mita 3,000, mwili wako uko mita 3,000, nje kabisa ya mwinuko ambao mwongozo ule umeuzungumzia. Mimi nashauri saa 24 kamili kabla ya kuipanda, na naona hizo ni za chini. Waongoza watalii wanaopanga wageni wao washuke pwani kwanza kisha wapande Kilimanjaro, au wapite ukingo wa Ngorongoro ulio zaidi ya mita 2,200, wageuze ratiba: mlima kwanza, bahari baadaye.

Sasa kompyuta inaingiaje? Kompyuta nyingi, baada ya mbizi ya mwisho, huonyesha muda wa kutoruka ukihesabu kurudi nyuma, na baadhi huonyesha pia muda wa naitrojeni kuisha. Hiyo saa unaihitaji ukiwa kwenye kaunta ya tiketi, wakati mtu anakwambia basi la mwisho linaondoka. Konsoli ya kukodi wakati huo imening'inizwa kwenye chumba cha vifaa. Ya mkononi iko nawe.

Kuna jambo jingine ambalo sipendi kulitaja ila lazima. Ukianza kuumwa kiungo, ganzi, kizunguzungu au uchovu usio wa kawaida njiani au umeshafika nyumbani, usiendelee kupanda, nenda hospitali, uombe oksijeni, na useme mapema kabisa kwamba umezamia. Daktari wa KCMC au Mount Meru atakuuliza ulienda kina gani, kwa muda gani, ulipanda vipi. Kompyuta ya mkononi imehifadhi kila mbizi. Ile ya konsoli ya kukodi ina majibu hayo ikiwa Pemba.

Hatua ya 3: Jiulize regulata ni ya nani

Kama unakodi regulata, jibu karibu limeshapatikana. Konsoli yako mwenyewe italazimika kukazwa kwenye regulata ya kituo cha kuzamia kwa spana kila ukifika na kufunguliwa kila ukiondoka, na vituo vingi havipendi mgeni afungue mipira yao. Wana haki. Oringi, ile pete ya mpira ya kuzibia, ikikaa vibaya, hewa inavuja.

Kukodi konsoli yenye kompyuta nako kuna mtego. Kompyuta inakumbuka mwili ulioibeba jana. Kama jana ilikuwa kwa mgeni aliyezamia mara tatu, leo itakukatia muda kwa naitrojeni ya mtu mwingine. Hilo linaudhi tu. La hatari ni kinyume chake: jana ulizamia wewe na kompyuta nyingine, leo unapewa hii iliyolala siku mbili bila kazi. Itakuona mweupe kabisa, na itakupa dakika ambazo huna. Ukilazimika kukodi, omba kifaa kilekile kwa siku zote, andika namba yake, na ukikuta kimepewa mtu mwingine asubuhi usione haya kukidai.

Kama una regulata yako, umeifanyia matengenezo, unasafiri nayo kwenye begi lake, konsoli ni chaguo la heshima. Itabaki imekazwa mwaka mzima, huwezi kuisahau chumbani, na utakwenda nayo nyumbani pamoja na regulata. Hoja zote za hatua ya 2 zinakuwa zimejibiwa.

Hatua ya 4: Fikiria mikono yako

Tazama mzamiaji anavyopanda. Mkono wa kushoto umeinuliwa, umeshika mpira wa kujazia na kutolea hewa ya jaketi la kuelea. Konsoli nayo kwa kawaida iko kushoto, imebanwa kwenye pete ya jaketi kifuani au inaning'inia ubavuni. Ili kuisoma unatumia mkono wa kulia. Kwenye maji tulivu hilo ni jambo dogo.

Kwenye milango ya bahari ya Pemba kama Njao na Fundu, au Kinasi kule Mafia maji yakiwa yanaingia, mambo hubadilika. Mkono mmoja uko kwenye hewa ya jaketi, wa pili umeshika kamba ya boya, mkondo unakusukuma, na ndio wakati unaotakiwa kuangalia kasi usizidi mita 9 au 10 kwa dakika, kisha ukae mita 5 kwa dakika 3. Kompyuta iliyo kwenye mkono wa kulia unaisoma kwa kugeuza kifundo bila kuachia kitu. Konsoli inataka mkono wa tatu.

Kompyuta ya mkononi pia haigusi matumbawe. Konsoli isiyobanwa inaburuzika chini ya tumbo na kuvunja kilichochukua miaka kukua. Mafia tuna hifadhi ya bahari tangu 1995, na kila mgeni anayeingia anadaiwa adabu hiyo. Ukichagua konsoli, nunua kibanio siku hiyohiyo na ukitumie kila mbizi.

Hatua ya 5: Pima macho yako kabla ya pochi

Mtu aliyezoea kusogeza simu mbali ili asome meseji atapata shida na kompyuta ya ukubwa wa saa, hasa kwenye giza la mita 25. Hapa konsoli ina sifa yake: unaweza kuisogeza karibu au mbali, na tarakimu zake huwa kubwa. Lakini kabla hujaamua, jaribu ya mkononi yenye uso mpana na skrini ya rangi, kama Shearwater Peregrine. Wapo watu wazima wengi waliodhani wanahitaji konsoli, kumbe walihitaji tarakimu kubwa.

Hatua ya 6: Transmita, unaihitaji?

Transmita hukazwa kwenye regulata na kutuma presha ya mtungi kwa kompyuta ya mkononi bila waya. Inapendeza. Ila ni gharama kubwa juu ya gharama, ina betri yake, mawasiliano hukatika mara mojamoja, na kwenye regulata ya kukodi unarudi kwenye tatizo la spana. Geji ya sindano iliyopo kwenye regulata ya kituo inatosha. Zoea kuitazama kila dakika chache na urudi juu ukiwa na bar 50. Fedha ya transmita iweke kwenye nauli ya safari nyingine.

Hatua ya 7: Elewa mpangilio wa mwinuko

Albert Bühlmann, daktari wa Zurich, alifanya utafiti wake katika nchi yenye maziwa ya milimani, na mwinuko ulikuwa sehemu ya swali lake tangu awali. Hesabu zake, ZHL-16, zinazokadiria naitrojeni katika makundi 16 ya tishu za mwili, ndizo zinazoendesha kompyuta nyingi hadi leo. Kwa hiyo kompyuta inaweza kabisa kuuelewa mwinuko wa kwetu, mradi uiambie au ijipime yenyewe.

Zinazojipima husoma presha ya hewa kabla ya mbizi. Shearwater ziko hivyo. Nyingine zinakungoja wewe: kwenye Zoop Novo, A0 ni hadi mita 300, A1 ni mita 300 hadi 1,500, na A2 ni 1,500 hadi 3,000. Ukifanya mazoezi kwenye bwawa la hoteli Arusha, weka A1, na ukishuka pwani rudisha A0. Ukiiacha kwenye A1 baharini utapewa muda mfupi kuliko unaostahili, jambo lisilodhuru. Ukiiacha kwenye A0 ukaingia ziwa la mwinuko, kompyuta itakupa muda mrefu kuliko ulio salama, na hilo linadhuru.

Nayasema haya kwa sababu kila anayejifunza kuzamia hapa huanza kuuliza kuhusu maziwa ya Duluti na Chala. Duluti iko karibu mita 1,290 juu ya bahari, Chala karibu 880. Kuzamia hapo ni kuzamia kwa mwinuko, kunakohitaji mafunzo yake, kibali na watu wa uokoaji. Na Chala kuna historia ya mamba. Kumiliki kompyuta hakukupi hata kimoja kati ya hivyo.

Nunua inayojipima ukiweza kuilipia. Kwa mtu wa Arusha, hicho kipengele kina thamani kuliko rangi ya skrini.

Hatua ya 8: Kununua na kukagua

Wengi huagiza nje, au humtuma ndugu au mgeni anayekuja. Kompyuta rahisi za mkononi huanzia kama dola 200. Tunza risiti kwa ajili ya forodha na dhamana. Kabla ya kulipa, uliza betri. Kompyuta nyingi za bei ya chini hutumia CR2430 au CR2450, na hizo si ile CR2032 inayopatikana kwa kila fundi saa. Nunua mbili za akiba na oringi zake pamoja na kifaa. Zinazochajiwa zinaondoa usumbufu huo, ila umeme ukikatika usiku wa kuamkia safari utajuta kutochaji mapema.

Kwa iliyotumika, fungua kifuniko cha betri na utazame kutu ya kijani na oringi iliyopasuka. Washa, soma kumbukumbu za mbizi, bonyeza kila kitufe. Linganisha mwinuko inaousoma na ulipo: ukiwa Arusha na ikakwambia uko usawa wa bahari ilhali ni ya kujipima, sensa haifai, irudishe. Konsoli iliyotumika iongezee ukaguzi mmoja: pinda mpira taratibu karibu na ncha zote mbili. Ukiona nyufa au uvimbe, mpira ubadilishwe kabla ya kuguswa na mtungi.

Hatua ya 9: Ijaribu kabla ya bahari

Tafuta bwawa lenye kina cha mita 2 au zaidi. Funga kamba yenye fundo kila nusu mita, uweke uzito, uishushe kompyuta, na usome kina cha juu zaidi ilichoandika. Ikiwa imepangwa kwa maji ya chumvi, kwenye maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, itasoma pungufu kwa kama asilimia 3. Usiihukumu kwa hilo. Iwashe nje ya maji kila mara, kwa sababu baadhi hupima presha ya hewa zinapowashwa.

Zoea vitufe kwa vidole vilivyolowa. Jua, bila kufikiri, ni alama gani inayosema umepanda kasi na ni ipi inayosema una kituo cha lazima. Soma kitabu chake chote walau mara moja, hasa ukurasa wa nini hutokea ukikiuka kituo, maana nyingi hujifunga kwa saa 24 au zaidi na kukataa kukuhesabia.

Siku ya safari, iweke kwenye begi la mkononi, kamwe si kwenye buti la basi chini ya magunia. Kamba yake ikaze juu ya nguo ya kuzamia, kisha uikaze tena ukifika mita 10, kwa kuwa nguo hubanwa na maji na kamba hulegea. Ukitoka majini mara ya mwisho, ioshe kwa maji baridi na bonyeza vitufe ndani ya maji hayo ili chumvi itoke. Usiizime wala kutoa betri mpaka muda wa kutoruka uishe, kwa sababu baadhi husahau kila kitu betri ikitoka, na ndipo unakaa kituo cha basi bila kujua saa zako zimebaki ngapi.